Wauzaji wa sabwufa za honi, acheni kutuuzia boksi moja kwa namba za boksi nne

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Hawa wauzaji wa besi za honi (maboksi ambayo spika inatoa sauti kupitia njia ndefu ya ndani inayopanuka hadi mdomoni, kama tarumbeta) wamenifika hapa, na mtanivumilia.

Nimenunua maboksi mawili ya honi, spika inchi 18 kila moja. Karatasi inadai yanashuka hadi 35 Hz (mitetemo 35 kwa sekunde; namba ikiwa ndogo, besi ni ya chini zaidi) na kutoa 107 dB (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati 1, ukipima umbali wa mita 1. Nikauliza kwa maandishi kabla sijalipa: hizi namba ni za boksi moja? Nikajibiwa, "Ndiyo bosi, moja tu inajaza ukumbi." Meseji ninayo mpaka leo.

Tumefunga mtambo, kiki (ngoma kubwa ya mguu) inapiga kifua safi kabisa. Gita la besi likigusa waya wa chini, sauti inapotea. Waya huo ni 41 Hz, yaani uko juu ya hiyo 35 waliyoandika! Nikapima kwa maiki ya vipimo uwanjani: kuanzia 60 Hz kurudi chini ni mteremko mtupu. Namrudia muuzaji, ananiambia bila aibu, "Honi zinapangwa nne nne, bosi."

Sasa kama unalijua hilo, kwa nini hukuliandika?

Wasiolijua wasikie. Wimbi la 40 Hz lina urefu wa mita 8.6 hivi. Honi itakayolibeba vizuri ikiwa peke yake hewani inataka mdomo ambao mzunguko wake unakaribia urefu huo, na kwa mdomo wa duara hicho ni kipenyo cha karibu mita 2.7. Ukiiweka sakafuni, sakafu inakupunguzia nusu ya eneo hilo, lakini bado hakuna boksi la kupita mlangoni lenye mdomo wa namna hiyo. Ndiyo maana yanapangwa kwa kundi: midomo ikikaa pamoja inafanya kazi kama mdomo mmoja mkubwa. Boksi nne zikigawana wati zilezile za boksi moja zinakupa kama dB 6 za ziada, na kule chini kabisa faida inaweza kuzidi hapo. Kwa hiyo 107 ya kundi la nne, kwangu mimi mwenye boksi moja ni 101 nikibahatika. Hakuna dhambi kwenye honi yenyewe. Dhambi ni kuficha kwamba ulipima nne.

Na ile hadithi ya "honi inatupa besi mbali"? Boksi ambalo ni dogo kuliko wimbi lake linamwaga sauti karibu pande zote, na uwanjani kila umbali ukizidishwa mara mbili unapoteza dB 6, honi au si honi. Inasikika mbali kwa sababu ina nguvu zaidi pale inapoanzia, basi.

Kilichonichoma zaidi ni waranti. Spika moja imekufa, nimeambiwa "umezidisha wati". Nimeifungua. Koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni) haina alama yoyote ya kuungua, imepinda kwa kugonga bamba la nyuma. Hiyo ni koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka, kutembea kupita kiasi, si joto. Honi ikienda chini ya kikomo chake haiibebi tena koni, ndiyo maana lazima kuwe na filta ya kukata masafa ya chini kwenye prosesa (kifaa cha kurekebisha sauti kabla haijafika kwenye ampu). Kitabu chao kizima hakina namba ya filta hiyo! Kina "wati 4000" kwa herufi kubwa jalada zima (ni piki hiyo, yaani kilele cha kitambo kifupi tu, za kudumu ni 1000, zimeandikwa kwa herufi za sisimizi ukurasa wa mwisho), lakini hakisemi nikate wapi. Na aliyeamini ile 35 angekata wapi, kama si karibu na hapohapo?

Hata urefu wa njia ya ndani hawakuuweka. Njia ya mita 2 inachelewesha besi kama milisekunde 6 nyuma ya spika za juu. Fundi unabaki kukisia uzicheleweshe spika za juu kiasi gani ili zilingane, hadi watu wameanza kuingia.

Nimewaandikia tena. Nataka grafu ya boksi moja, sehemu ya wazi, chini sakafuni, namba ya filta, na spika mpya. Wakikataa, nitabandika hapa picha ya koili na zile meseji. Mwenye boksi za aina hii aliyewahi kupima moja peke yake, aweke grafu yake tulinganishe.