Jina langu limetawanyika kwenye majarida: nipeleke hesabu ipi ya nukuu?

BintiLangoni, Lamu

Asalam aleikum wadau. Natafiti matende na mbu wanaoyaeneza huku visiwani. Nimetakiwa nipeleke rekodi ya machapisho pamoja na idadi ya nukuu (mara ambazo wengine wametaja makala zangu) na h-indeksi (kipimo cha makala ngapi za mtu zimenukuliwa vya kutosha) kwa ombi la kupandishwa cheo, na fomu haisemi hesabu itoke wapi. Google Scholar yanipa h ya 9. Scopus (hifadhidata ya kulipia ya machapisho na nukuu) wanionyesha kama watu wawili, mmoja ana 5, mwingine 2. PubMed (hifadhidata ya makala za tiba) baadhi ya makala zangu hazionekani kabisa. Nina majina matatu, la mwisho ni la babu, na kila jarida limeyapanga lilivyotaka. Pia kuna makala moja iliyotoka kwenye jarida ambalo sasa nalitilia shaka. Nianzie wapi, na niandike ipi?

MkutubiMld, Malindi

Waaleikum salaam dada. Usiguse hesabu kabla hujalinyoosha jina, maana nukuu hufuata jina. Majina yetu ya Pwani ndiyo yanayozitatiza hizi mashine: la kwanza lako, la pili la baba, la tatu la babu, la ukoo halipo. Chukulia mtu aitwaye Aisha Omar Bakari. Jarida moja litamwandika Bakari AO, la pili Omar AB, la tatu Aisha OB, na akikutana na mhariri mwenye haraka atabaki Bakari A. Kwa kompyuta hao ni watu wanne.

Fungua akaunti ya ORCID, nambari ya utambulisho wa mtafiti, ni bure kwako. Utapewa nambari yenye nafasi 16 (ya mwisho huweza kuwa herufi X, usidhani wamekosea). Kwenye sehemu ya majina mengine jaza kila umbo la jina lako lililowahi kuchapishwa, hata lenye makosa. Kisha shika umbo moja na usiliache tena, iwe kwenye fomu za majarida au kwenye mabango ya mikutano. Makala za nyuma ziingize kwa DOI (nambari ya kudumu ya kila makala), usizichape kwa mkono. Neno moja likiruka kwenye kichwa cha makala utaishia na nakala mbili za kitu kimoja. Makala zijazo, mpe mhariri ORCID yako unapowasilisha. Crossref (shirika linalosajili DOI za majarida) wataomba ruhusa kupitia kikasha cha ujumbe kilicho ndani ya akaunti hiyo, na ukikubali mara moja, zinazofuata zitaingia zenyewe. Kikasha hicho wengi hawakifungui, halafu walalamika orodha haijai.

PubMed tafuta hivi: (Bakari AO[au] OR Omar AB[au] OR Aisha OB[au]) AND (Wuchereria OR Culex OR Lamu). Hapo [au] maana yake mwandishi, Wuchereria ni minyoo ya matende, Culex ni mbu. Usitegemee jina la taasisi. Kabla ya 2014 PubMed iliweka anwani ya mwandishi wa kwanza tu, kwa hiyo makala ya 2011 ambayo ulikuwa mwandishi wa tatu haitajitokeza kwa kutafuta taasisi hata ukeshe. Na makala iliyo kwenye jarida la AJOL (tovuti ya majarida ya Afrika) ambalo PubMed hawalichukui, hiyo haimo tu. Usipoteze siku ukilisingizia jina.

MpimaMbu, Malindi

Hao watu wawili wa Scopus waombee waunganishwe. Kutafuta mwandishi hakuhitaji chuo kiwe kimelipia, sehemu hiyo iko wazi. Weka alama profaili zote mbili, tuma ombi. Lakini kabla ya kutuma pitia orodha ya makala moja moja. Ikiwa kaingia Bakari mwingine anayeandika juu ya samaki, mtoe kwenye ombi hilohilo.

Na usije ukajumlisha 5 na 2 ukaandika 7! H-indeksi, kama alivyoiweka mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ni idadi ya makala ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara hiyo. Ukiunganisha h ya 5 na h ya 2 utapata kitu kati ya 5 na 7, na mara nyingi hubaki 5.

Panga kwa mkono uone inavyokwenda. Tuseme nukuu za makala tisa ni 41, 22, 15, 9, 7, 6, 6, 3, 1. Ukihesabu kutoka juu, ya sita ina 6, sawa. Ya saba ina 6, haitoshi. H ni 6. Hiyo ya 41 hata ikipanda hadi 400, h haisogei. Njia fupi ya kufika 7 ni zile mbili zenye 6 kila moja ipate nukuu moja zaidi. Ndiyo sababu jumla ya nukuu (hapa 110) huandikwa kando ya h. I10 ya Google Scholar ni rahisi zaidi: makala zenye nukuu 10 au zaidi, hapa ni 3.

JahaziLaShela

Mimi ningepeleka ya Scholar na kumaliza. Ndiyo kubwa, na kamati yoyote yaweza kuifungua bila kulipa.

MkutubiMld, Malindi

Ndugu yangu, ni kubwa kwa sababu Scholar huokota popote: tasnifu, ripoti, machapisho ya awali (yaliyowekwa mtandaoni kabla ya kupitiwa na jarida), nakala za kwenye tovuti za vyuo. Scopus huhesabu kutoka machapisho iliyoyachagua. Kuitumia Scholar si kosa, mradi iwe imefagiliwa na uitaje kwa jina.

Kufagia kwenyewe: ingia kwenye mipangilio, uizime ile ya kuongeza makala zenyewe, uchague uletewe barua pepe uzikubali mwenyewe. Ukiiacha wazi itakubebesha kazi za kila mwenye jina linalofanana. Halafu angalia vichwa vilivyojirudia, hasa chapisho la awali na makala kamili. Tia alama zote mbili, bonyeza kitufe cha kuunganisha kinachojitokeza juu ya orodha, chagua ile ya jarida iwe ndiyo inayoonekana. Nyota kando ya idadi ya nukuu maana yake idadi hiyo imekusanywa kutoka zaidi ya ingizo moja. Zipitie hizo kwanza. Na thibitisha barua pepe ya taasisi na uweke profaili iwe wazi kwa umma, la sivyo kamati wakikutafuta hawatakuona.

BintiLangoni, Lamu

Ahsanteni sana. Mawili zaidi. Fomu ina safu ya "ubora wa jarida", je, naweka impakti fakta? Na ninayo makala moja ya mzigo wa magonjwa duniani yenye waandishi mamia. Nukuu zake peke yake zashinda za makala zangu nyingine zote.

Mwalimu_Kisauni

Safu ipo, basi ijaze, ila ujue unachojaza. Impakti fakta ni ya jarida, haikupimi wewe. Ya mwaka 2023, kwa mfano, ni nukuu zilizotolewa 2023 kwa yaliyochapishwa 2021 na 2022, ukagawanya kwa idadi ya makala za utafiti na za mapitio za miaka hiyo miwili. Makala chache zilizonukuliwa sana huvuta wastani, na nyingi hubaki chini yake. Itoe kwenye Journal Citation Reports, orodha ya impakti fakta ya kampuni ya Clarivate, uandike na mwaka. Jarida lisilomo, andika "halimo". Usichukue nambari iliyopambwa kwenye ukurasa wa jarida lenyewe. Kamati ikikubali maelezo ya ziada, taja Azimio la San Francisco, DORA, la 2012, linalotaka kazi ya mtafiti isipimwe kwa impakti fakta ya jarida ilimotoka.

Makala ya waandishi mamia ipeleke, lakini itenge. Toa jumla mbili, pamoja nayo na bila yake. H haitabadilika zaidi ya 1, kwa vile makala moja haiwezi kuisogeza zaidi ya hapo. Jumla ya nukuu ndiyo itakayoporomoka, na ni heri uiporomoshe mwenyewe kabla hawajaiuliza. Hakikisha pia PubMed wamekuweka kama mwandishi. Washiriki wa kundi hupatikana kwa alama ya [ir], wala hao si waandishi, na ukiandika "mwandishi" hapo umejitia matatani. Kando ya kila makala kubwa eleza ulichofanya kwa majukumu 14 ya CRediT, orodha sanifu ya michango ya waandishi: ulisanifu utafiti, ulikusanya data, ulichambua, uliandika rasimu ya kwanza.

Kuhusu hilo jarida la shaka: litafute DOAJ (saraka ya majarida ya wazi) kama ni la wazi, yaani husomwa bure, kisha kwenye katalogi ya NLM (maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani) uone kama limo MEDLINE sasa, yaani kati ya majarida yaliyochujwa. Kuwepo PubMed peke yake hakutoshi, kwa kuwa PubMed ni pana kuliko MEDLINE. ISSN ya jarida nayo si cheti cha ubora, ni nambari ya utambulisho tu. Likikosekana kote, na lilikubali makala kwa siku chache bila maoni ya wataalamu wenza, iache kwenye orodha yako kamili lakini usiombee alama kwa ajili yake. Na usiichapishe upya kwingine kimyakimya. Hilo ni kosa kubwa kuliko la kwanza.

MpimaMbu, Malindi

Kuna jambo ambalo fomu haikuuliza. Matende ni uwanja mdogo. Ukilinganishwa na mtu wa saratani au Ukimwi utaonekana hujafanya kitu. Chukua nambari za PubMed za makala zako, zibandike kwenye iCite, zana ya kupima nukuu ya NIH (taasisi za taifa za afya za Marekani), ni bure. Itakupa RCR, yaani nukuu za makala kwa kulinganisha na makala za uwanja wake na mwaka wake, 1.0 ni kiwango cha katikati cha kazi zilizofadhiliwa na NIH. Makala mpya mpya usizitegemee hapo, makadirio yake huyumba.

Na kama data yako ilitumika kwenye mipango ya dawa, iandike kwa sentensi mbili na kiambatisho. Lamu Mashariki ni kati ya sehemu za kwanza Kenya kupewa dawa tatu za matende kwa pamoja, 2018. Ripoti ya wizara iliyotaja kazi yako haiingii kwenye h ya Scopus, lakini mjumbe wa kamati anaisoma.

BintiLangoni, Lamu

Basi mstari wenyewe niuandikeje?

MkutubiMld, Malindi

Hivi, kwa zile nambari za mfano: "Makala 9, nukuu 110, h-indeksi 6 (Scopus, profaili iliyounganishwa, imesomwa tarehe fulani). Makala ya kundi kubwa haimo." Mstari wa pili wa Google Scholar, kwa tarehe hiyohiyo. Usichukue nukuu kutoka huku na h kutoka kule. Hifadhi picha ya ukurasa siku unayosoma, maana nambari zitakuwa zimebadilika watakapokaa kikao. Ombi la Scopus litume leo kabla ya hayo mengine, ndilo lenye kungoja. Wakichelewa, peleka profaili zote mbili kando kwa kando na nakala ya ombi ulilotuma.