Spring Data Neo4j: umbali kati ya vituo niuweke wapi?

Muulizaji: Wakuu, nachora njia ya SGR kwa Java, nikitumia Spring Data Neo4j (maktaba ya kuhifadhi data kwenye Neo4j, hifadhidata ya nodi na uhusiano kati yake). Klasi Kituo ina @Node (yaani kila kituo ni nodi), na uhusiano unaoitwa INAELEKEA unakwenda kwenye List<Kituo>. Inahifadhi vizuri, ila nataka kilomita kati ya Pugu na Morogoro zikae kwenye uhusiano wenyewe. Nafanyaje?

Jibu 1: Tengeneza klasi Reli yenye @RelationshipProperties (alama ya klasi inayobeba sifa za uhusiano). Ndani weka @RelationshipId ya Long (kitambulisho cha uhusiano), kilomita, na Kituo chenye @TargetNode (nodi ambako uhusiano unaishia). Kisha kwenye Kituo tumia List<Reli>, ukiacha @Relationship juu yake.

Jibu 2: Mkuu, ukikuta mafunzo yenye @StartNode na @EndNode (alama za zamani za nodi ya mwanzo na ya mwisho), achana nayo. Toleo la 6 la Spring Data Neo4j liliziondoa.

Muulizaji: Imekubali! Kilomita naziona kwenye mshale wa uhusiano. Asanteni sana, wakuu.