Mchambuzi wa siasa tumpime kwa aliyosema akiwa na miaka 20 au kwa alikofika?

Mleta mada:
Wakuu, hii kitu imenikaa kichwani siku nyingi ngoja niitue. Mchambuzi wa siasa akianza tu kusikika, anatokea mtu anafukua makaburi, posti za miaka 15 iliyopita, skrinishoti, "oneni huyu alikuwa anasema hivi", kwisha habari yake, na hoja aliyoitoa leo hakuna aliyeijibu. Mi naona ni uvivu tu.

Chukua George Orwell, yule mwandishi wa Kiingereza. Alikuwa polisi wa mkoloni kule Burma kuanzia 1922 mpaka 1927, miaka mitano na sare ya Mwingereza mwilini, anatawala watu kwao. Tungemfungia hapo hapo tungekosa mtu aliyekuja kuuponda ukoloni akiwa anaujua kutokea ndani. Au Thomas Sowell, mchumi wa Marekani, leo watu wa mrengo wa kulia wanamnukuu kama msahafu, ila kwenye miaka yake ya 20 alikuwa Mmarx kabisa, kushoto kule, na hata kufundishwa na Milton Friedman, mchumi mtetezi wa soko huria, pale chuo kikuu cha Chicago hakukumtoa huko. Kilichomtoa ni kazi ya muda wizara ya kazi, 1960. Alikuwa anachunguza kima cha chini cha mshahara kwenye sekta ya sukari Puerto Rico, ajira zilikuwa zinapungua, akajiuliza je ni ile sheria ya mshahara au ni vimbunga vilivyoharibu miwa shambani, akafikiria data gani ingejibu hilo swali, halafu akagundua wakubwa pale ofisini hawana hata hamu ya kulijua jibu. Sasa unaweza kukataa alikofikia (mi mwenyewe mengi nayakataa) ila njia aliyopitia unaiona.

Kwa hiyo mi nasema tusiishie kwenye alichosema zamani, tuulize nini kilimtoa pale.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu umeokota mifano inayokubeba. Kubadilika na kukua ni vitu viwili. Benito Mussolini, yule aliyekuja kuwa dikteta wa kifashisti wa Italia, alikuwa mhariri wa Avanti!, gazeti la chama cha kisoshalisti Italia, tangu 1912, anapinga vita kwa nguvu zote. 1914 huyo huyo akageuka anataka Italia iingie vitani, chama kikamtimua, akafungua gazeti lake na wenye viwanda wakalitia hela. Iliyofuata mnaijua. Huyo naye tumpime kwa "safari" yake?

Mchangiaji wa pili:
Hapo kwenye hela ndo penyewe. Wengi hawajabadilika, wamehamishwa. Linganisha tarehe aliyogeuka na tarehe aliyoanza kulipwa, umemaliza.

Mleta mada:
Mussolini nimekubali, umenipiga. Sijasema kila anayehama amekua, nilitakiwa niliweke hilo mapema. Ila hiyo ya tarehe na hela sio rahisi hivyo ndugu, maana mtu anaweza kubadilika kwa dhati halafu upande wa pili ukamwona lulu ukamwajiri, hela imekuja nyuma ya mawazo. Na kuna anayelipwa miaka yote na upande ule ule alioanza nao, huyo hatumuulizi chochote, kwa nini?

Mchangiaji wa tatu:
Mimi wala sina shida na ujana wa mtu, nina shida na kuficha. Günter Grass, yule mwandishi wa Ujerumani aliyepata Nobel 1999, kwa miaka mingi ndiye alikuwa anawasema Wajerumani wenzake wakubali waliyoyafanya enzi za Hitler. 2006, ana miaka 78, anasema mwenyewe kwamba alikuwa Waffen-SS, lile jeshi la chama cha Hitler. Alikuwa na miaka 17! Nani angemfunga mtoto wa miaka 17 kwenye vita ile? Angesema mapema angesamehewa na ingempa nguvu zaidi. Kilichomchoma ni zile miaka zaidi ya 60 za kukaa kimya huku anawanyooshea wengine kidole.

Mchangiaji wa nne:
Mnaongea vizuri sana kwa sababu hamkuwa nyie mliotukanwa. Kijana ana kipaji cha kalamu, miaka kumi anawaita watu wa kabila fulani au dini fulani wadudu, wenzake wanaokota maneno yake wanaenda kuyafanyia kazi, halafu anakua, anapata hekima, anaalikwa kwenye vipindi kuelezea alivyokua. Na sisi je? Elimu yake tumeilipia ada sisi. Akue tu, simzuii, ila aanze kwa kuja kwetu, sio kwenye kamera.

Mleta mada:
Hili la mwisho sikuwa nimelifikiria kabisa, nilikuwa namuwaza mchambuzi na wasomaji wake tu, yule aliyesemwa sikumweka popote. Hapo basi naongeza sharti, anayetaka apimwe kwa alikofika ataje mwenyewe alichokosea, neno kwa neno, na ataje alimkosea nani. Ile "nilikuwa kijana" peke yake haitoshi, hata mimi nimewahi kuitumia.

Jana nimerudi kusoma makala zangu za zamani, zile za 2009. Sijazifuta. Moja nimeandika chini yake kwamba nilikosea na nini kimenifanya nione hivyo. Zile nyingine mbili bado naona nilikuwa sahihi, fukueni tu tugombane.