Naomba ushauri: mtoto asiyejitambua, ni malaria kali au homa ya uti wa mgongo?

Ndugu wanajamvi, shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Mimi ni tabibu katika hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa.

Wiki iliyopita tulipokea mtoto wa miaka 3 aliyepata degedege nyumbani na kufika akiwa hajitambui. Kipimo cha haraka kilionesha malaria, ingawa kwenye darubini vimelea vilikuwa vya kutafuta, kimoja hapa, kingine pale, na mama alieleza kuwa mtoto alimaliza dawa mseto ya malaria wiki mbili kabla. Nasi tunajua kipimo cha haraka huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya tiba. Sukari ya damu ilikuwa ya kawaida. Tulianza sindano za artesuneti, dawa ya malaria kali, tukaongeza seftriaksoni, antibayotiki ya homa ya uti wa mgongo, kwa kuwa hatukuweza kuchukua maji ya uti wa mgongo mapema. Amepona, namshukuru Mungu, lakini sijui ni dawa ipi iliyomponya.

Utafiti wa Blantyre, Malawi, uliochapishwa mwaka 2004, ulionesha kwamba kati ya watoto 31 waliofariki wakidhaniwa kuwa na malaria ya ubongo, 7 walikuwa na sababu nyingine, na mabadiliko kwenye retina (utando wa nyuma ndani ya jicho) ndiyo dalili iliyowatofautisha vizuri zaidi.

Je, yupo kati yenu asiye mtaalamu wa macho aliyejifunza kuangalia retina wodini, na alijifunzaje? Na maji ya uti wa mgongo yakichukuliwa siku ya pili, mgonjwa akiwa tayari kwenye antibayotiki, mnayategemea kiasi gani katika kuamua kusitisha seftriaksoni?