Nimehesabiwa "ana ajira" kwa sababu ya nusu siku ya kuosha magari. Kwenye andiko la kikundi tuweke takwimu ipi?

Mgumu wa Uru

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu wote shikamooni.

Niko Uru, Moshi. Nina shahada ya ualimu, Jiografia na Kiswahili, na tangu nimalize chuo sijapata ajira. Ninachofanya ni kupanda Mlima Kilimanjaro kama mgumu, yaani mpagazi wa mizigo ya watalii. Msimu ukikolea napata safari mbili kwa mwezi, Machame au Marangu, mzigo kilo 20. Ikifika masika, Aprili na Mei, simu hazilii. Narudi kwenye kihamba cha mama, shamba letu la nyumbani, napogoa migomba na kukata majani ya ng'ombe.

Masika iliyopita walipita wadadisi wa utafiti wa kaya. Dada aliyekuja kwetu alikuwa mstaarabu sana. Akauliza kama katika siku saba zilizopita nimefanya kazi yoyote ya kulipwa au ya faida, hata kwa saa moja tu. Nikasema ukweli: Jumanne nilimsaidia jirani kuosha magari pale Majengo mpaka saa sita mchana, akanipa elfu nne. Akabonyeza kishikwambi, akaendelea na maswali. Alipomaliza nikamuuliza nimeingia kundi gani. Akasema, "Wenye ajira, kaka."

Usiku ule sikulala vizuri. Baba mdogo ni mwalimu mstaafu, ninamheshimu mno, lakini kila tukikaa mezani ananiambia ukosefu wa ajira Tanzania haufiki asilimia 3, kwa hiyo kijana asiyekuwa na kazi hajatafuta. Na mimi sasa nimo ndani ya hao 97 anaonihesabia kila siku.

Shida yenyewe ni hii. Tuko vijana kumi, tunaomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ili tukaushe ndizi na kusaga unga, tuwe na kitu cha kufanya masika. Kwenye andiko kuna sehemu ya hali ya ajira kwa vijana wa eneo letu. Katibu anataka tuandike 10.3, mwenzetu mwingine ana asilimia 60 aliyoitoa WhatsApp, na baba mdogo anasema tusidanganye, ni chini ya 3. Ipi ni ya kweli? Na mimi nikiulizwa nina kazi, nijibu nini?

Nawasilisha.

Sakina Juu

Mkuu, zote ni za kupamba hotuba. Nigeria robo ya mwisho ya 2020 walitangaza asilimia 33.3. Robo ya kwanza ya 2023 wakatangaza 4.1. Unataka kuniambia pale Lagos watu wote waliamka asubuhi wakakuta kazi mlangoni? Walibadilisha swali, basi. Mimi nimesota Arusha na diploma ya utalii, mwezi wa nne na wa tano tunagawana kiti cha bodaboda watu wawili. Sihitaji mtu wa ofisini aniambie hali yangu.

Mdadisi wa Zamani

Mdogo wangu wa Uru, pole. Nimefanya kazi ya udadisi kwa miaka kadhaa, kwa hiyo naijua hiyo saa moja kutoka upande wa pili wa dodoso. Ilikuwa inaniuma na mimi. Unamwandika mama aliyeuza mafungu mawili ya nyanya kwenye safu moja na meneja wa benki.

Lakini yule dada hakukosea. Kipimo hicho kinatoka kwenye mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi chini ya ILO, Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1982, kikarekebishwa 2013. Ili uhesabiwe huna ajira, masharti ni matatu kwa pamoja: hukufanya kazi hata saa moja katika kipindi kinachoulizwa, kama zile siku saba, ulikuwa unatafuta, na uko tayari kuanza. Ukikosa hata sharti moja, unatoka kwenye kundi hilo. Saa moja iliwekwa kwa sababu kazi yoyote inayozalisha inatakiwa ionekane kwenye hesabu za uchumi, hata ikiwa ndogo. Haikuwekwa kupima kama umeshiba.

Sasa tofauti ya namba zenu. Hiyo chini ya 3 inatokana na makadirio ya ILO, ambayo Benki ya Dunia nayo huyachapisha, kwa kipimo hicho kikali. Ile 10.3 ni ya NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, utafiti wa nguvukazi wa 2014, na wa 2006 ulikuwa 11.7. NBS wana tafsiri ya kitaifa iliyo pana zaidi: inamwingiza asiye na kazi na yuko tayari hata kama hakutafuta, na pia yule ambaye shughuli yake imesimama na hana uhakika wa kuirudia. Soma hapo tena, maana ndipo ulipo wewe. Mgumu aliyeko nyumbani masika, ambaye hakuna kampuni iliyomwahidi safari ya Juni, kwa tafsiri ya kitaifa angeweza kabisa kuhesabiwa hana ajira. Ile Jumanne ya kuosha magari ndiyo iliyokutoa.

Kwa hiyo baba yako mdogo hakudanganya, na katibu hakudanganya. Nchi ni moja, maswali mawili. Ila ya 2014 imeshazeeka. Kuna utafiti wa 2020/21, mtafute huo kwenye tovuti ya NBS na mwandike mwaka pembeni ya namba. Hiyo ya WhatsApp muitupe.

Mgumu wa Uru

Asante sana kaka. Na zile siku za kihamba je? Mama hanilipi.

Mdadisi wa Zamani

Inategemea mazao yanakwenda wapi. Kama mama analima hasa kwa ajili ya kuuza, wewe unahesabiwa una ajira, msaidizi wa familia asiyelipwa, hata usipoona senti. Kama ndizi ni za kula nyumbani, kwa viwango vya 2013 hiyo ni kazi lakini siyo ajira. Viwango vya zamani vilikuwa vinamhesabu na mkulima wa chakula chake mwenyewe. Ndiyo maana ukilinganisha tafiti za miaka tofauti lazima uangalie zilifuata viwango vipi, la sivyo utashangilia au kulia bure.

Mama wa Memorial

Wanangu, mimi nauza mitumba Soko la Memorial. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri, narudi giza limeingia. Kuna siku nauza blauzi moja. Nimesomesha watoto watatu kwa meza hiyo. Mtu akisema mimi sina kazi nitamkatalia mbele ya watu. Nataka tu huyo anayeandika aandike na ile blauzi moja.

Mwalimu wa Njiro

Mama, shikamoo. Umelisema jambo ambalo darasani nalieleza kwa vipindi viwili.

Nafundisha uchumi sekondari hapa Arusha. Sakina Juu, nina neno na wewe kwa heshima. Ni kweli Nigeria walibadilisha kipimo. Zamani aliyefanya kazi chini ya saa 20 kwa wiki walimhesabu hana ajira, kisha wakahamia kwenye saa moja ya ILO. Lakini walitangaza kwamba wamebadilisha. Udanganyifu unaanza pale mtu anapoziweka 33.3 na 4.1 kwenye mstari mmoja, awe anasifu au analaumu. Afrika Kusini wanatoa namba mbili kila robo mwaka, tafsiri rasmi inayozunguka theluthi moja na tafsiri pana inayozidi asilimia 40, na msomaji anaziona zote. Natamani na kwetu watangazaji wa redio wangesoma namba mbili kwa pumzi moja.

Kuna kitu kingine kinachonikera zaidi ya ile saa moja, nacho ni wanaokata tamaa. Chukua mtaa wenye watu 100 wa miaka 15 na kuendelea. 20 ni wanafunzi na wazee wasiofanya kazi. Wamebaki 80, hao ndio nguvukazi. Kama 8 hawana ajira, kiwango ni 8 kwa 80, asilimia 10. Sasa 4 kati ya hao 8 wamechoka kuzungusha bahasha, wameacha kutafuta. Kwa kipimo kikali wanatoka kwenye hesabu, juu na chini. Inabaki 4 kwa 76, asilimia 5 na kidogo. Hakuna aliyepata kazi na kiwango kimeshuka karibu nusu. Nimewahi kuona wanafunzi wangu wakinyamaza kimya hapo, kwa sababu kila mmoja ana kaka au dada aliyeacha kuzungusha bahasha.

Mgumu wa Uru, kundi lako lina jina: ajira pungufu, yaani mtu anafanya kazi saa chache kuliko anazotaka. NBS huipima kwenye utafiti uleule, kwa walio chini ya saa 40 kwa wiki na wako tayari kuongeza. Hiyo ndiyo namba inayokuhusu. Tafuta ukurasa wake.

Afisa wa Kata

Nimechelewa kuuona uzi. Ninashughulika na maendeleo ya jamii, maandiko ya vikundi napitia mengi.

Vijana, asilimia ya taifa haitawapa mkopo wala haitawanyima. Mkopo hauna riba, ni mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkaguzi anataka kujua kama mtarejesha. Andiko likianza na takwimu ya nchi nzima nageuza ukurasa. Jihesabuni nyie wenyewe. Chukueni miezi 12, kila mwanachama aseme siku alizofanya kazi, saa, na alichopata, mwezi kwa mwezi. Hapo nitaona shimo la masika kwa macho yangu, na nitaelewa kwa nini mnataka kukausha ndizi wakati huo. Baada ya hapo wekeni sentensi moja ya NBS yenye mwaka na tafsiri iliyotumika.

Nyongeza moja, siihitaji kwenye andiko lakini naisema: ndizi mbivu na unga ni soko tofauti. Mpate mnunuzi wa unga kwanza.

Sakina Juu

Mwalimu nimekuelewa kuhusu kutangaza. Bado naamini wanaosoma hotuba wanachagua namba iliyo tamu. Lakini hiyo hesabu ya miezi 12 nitaifanya na wenzangu wa kijiweni.

Mgumu wa Uru

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili.

Tulikaa jioni tatu na daftari. Kwa lile swali la saa moja, wote kumi tungeandikwa tuna ajira wiki yoyote ile ya mwezi wa tano, hata yule aliyebeba mikungu miwili tu pale Kiboriloni. Tulipoandika saa za kila wiki, hakuna hata mmoja aliyefika 40. Wanane hawakufika 15. Agosti wanne kati yetu walizidi 60. Mwenzetu mmoja alipoona mstari wake wa Aprili na Mei alitoka nje akakaa kidogo, kisha akarudi.

Andiko limebeba jedwali hilo. Namba ya NBS iko chini yake, na mwaka wake, na maneno "tafsiri ya kitaifa". Mnunuzi wa unga tunaendelea kumtafuta, afisa asante kwa kutubana hapo.

Baba mdogo nilimpelekea nakala. Akaisoma yote na miwani yake, akauliza mstaafu kama yeye yuko kundi gani. Nikamuuliza wiki ile alifanya nini. Akasema alipeleka debe moja la kahawa kwa mnunuzi. Nikamwambia, "Basi una ajira, baba." Akaligeuza lile karatasi, akaomba kalamu, akaanza kuandika saa zake.