Ushauri: Nasoma saikolojia ya ukuaji, watoto wangu hawafuati kitabu. Na je, naweza kuandika kuhusu unyago?

Mwalimu wa Awali (Newala)

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali huku Newala, na nasoma shahada Chuo Kikuu Huria huku nikifanya kazi. Sasa hivi nina somo la saikolojia ya ukuaji, kuanzia mtoto mchanga mpaka uzeeni. Somo tamu, sikatai. Tabu zangu ni mbili.

Ya kwanza, majina ya wataalamu wa somo hili. Piaget, Erikson, Vygotsky, Bowlby, Ainsworth, kila mtu na hatua zake na umri wake, nikifika kwenye karatasi ya mtihani wote wamekuwa mtu mmoja. Halafu nikiwajaribu watoto wangu, majibu hayakai sawa. Nilifanya lile jaribio la Piaget la maji. Unaweka glasi mbili zinazofanana, mtoto anakubali kwamba maji yako sawa, kisha unamimina moja kwenye glasi nyembamba ndefu na kumuuliza tena. Kitabu kinasema aliye chini ya miaka 7 hivi atakwambia ile ndefu ina maji mengi. Kweli, wengi walisema hivyo. Lakini kuna binti mmoja, mama yake anauza uji stendi. Huyu nimemwona kwa macho yangu akiwagawia wadogo zake uji kwenye vikombe vya kila umbo na hakuna aliyelia kupunjwa. Darasani naye akasema ndefu ina mengi! Sasa nimwandike vipi?

Ya pili, mwakani natakiwa kufanya utafiti mdogo. Natamani kuandika kuhusu unyago, maana Erikson anazungumzia ujana na mtu kujitambua, na huku mtoto akitoka unyagoni kila mtu anaona amebadilika. Ila mimi mwenyewe nimechezwa, yaani nimepitishwa unyagoni. Ya kule hayasemwi nje, na mama yangu mkubwa ni nyakanga, mkuu wa unyago. Msimamizi si mtu wa huku, ananiambia tu nilete mada.

Naombeni mawazo. Matusi hapana.

Korosho Ghafi

Nakaa hapa nasubiri wajuzi. Ila huyo binti wa uji apewe mzani wa chama cha msingi tunakouzia korosho msimu ujao, labda na sisi tutaacha kupunjwa.

Mkufunzi Mstaafu (Nachingwea)

Mwalimu, binti yako hana tatizo. Tazama namna ulivyomuuliza. Umemuuliza kama maji ni sawa, akajibu. Ukamimina, ukamuuliza swali lilelile. Kwa mtoto wetu, mtu mzima akirudia swali maana yake jibu la kwanza halikumridhisha. Anabadilisha ili akufurahishe. Na si wetu tu. Mwaka 1974 Susan Rose na Marion Blank waliwauliza watoto mara moja tu, baada ya kumimina, na makosa yakapungua. Miaka kadhaa kabla ya hapo Patricia Greenfield alikuwa Senegali na watoto wa Kiwolofu. Alipowaachia wamimine maji kwa mikono yao wenyewe, waliojibu vizuri wakaongezeka, kumbe mzungu alipokuwa akimimina yeye walidhani ana ujanja wake. Rudia jaribio hilo kwa uji, amimine yeye, uulize mara moja. Andika majibu yote mawili na namna ulivyouliza. Hiyo ndiyo saikolojia yenyewe, nadharia bila mbinu yake ni hadithi.

Kuhusu majina, usikariri hatua kwanza. Kumbuka kila mmoja alimtazama nani na alifanya nini. Piaget aliandika mengi ya uchanga kwa kuwatazama watoto wake mwenyewe watatu. Alificha kitu chini ya kitambaa aone kama mtoto atakitafuta. Vygotsky alizaliwa mwaka uleule na Piaget, 1896, lakini kifua kikuu kilimuua 1934 akiwa na miaka 37. Yeye anauliza mtoto anaweza nini akisaidiwa, si akiwa peke yake tu. Bowlby ni mtoto aliyetenganishwa na mama. Erikson ni kijana anayejiuliza mimi ni nani. Ukiwa na picha hizo, umri unakuja wenyewe.

Chuma cha Reli

Masomo ya wazungu haya. Bibi zetu walilea bila Piaget na tumekuwa watu.

Mkufunzi Mstaafu (Nachingwea)

Bibi zetu walilea vizuri sana, ndiyo maana wakaja kusomwa. Mary Ainsworth anatajwa Marekani kwa lile jaribio la mama kutoka chumbani na kurudi, kuona mtoto ameshikamana naye vipi, lakini kabla yake alikaa Uganda, 1954 na 1955, akizitembelea familia 26 za Kiganda nyumbani kwao. Kitabu chake cha 1967 kinatokana na akina mama hao. Msingi wa jambo hili umetoka jirani hapa, bwana Chuma.

Waya Kumi (Lindi mjini)

Naongezea moja, maana nilisoma ualimu wa sanaa. Robert Serpell aliwapima watoto wa Zambia na wa Uingereza, matokeo yakatoka 1979. Aliwapa wanakili maumbo kwa kalamu, kwa udongo wa kufinyanga na kwa waya. Kwa kalamu Waingereza walishinda. Kwa waya Wazambia walishinda. Kwa udongo wakawa sawasawa. Mtoto aliyetengeneza magari ya waya tangu akiwa na miaka mitano ukampe penseli halafu useme akili yake iko nyuma! Mwalimu, ukipima watoto wa Newala angalia kwanza mikono yao imezoea nini.

Mwalimu wa Awali (Newala)

Mkufunzi shikamoo, na asante sana. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa namvuruga mtoto. Na unyago je? Hakuna aliyegusa.

Bi Somo (Mikindani)

Marahaba, maana najua na mimi utaniamkia. Mwanangu, nimewaingiza mabinti wengi, nitakwambia bila kuzunguka. Usiandike yaliyomo ndani, hata kidogo, hata kwa kuficha majina. Mama yako mkubwa atajua, na wenzako uliochezwa nao watajua. Chuo kitakupa maksi, lakini wewe utaendelea kuishi hapo Newala.

Lakini yako yasiyo siri. Mwali akitolewa watu wote wanaona, ngoma inapigwa hadharani. Baada ya hapo nyumbani mambo yanabadilika. Anapewa kazi nyingine, anakatazwa kuingia hovyo chumbani kwa wazazi, anatakiwa kuamkia kwa adabu nyingine, na hata mjomba anazungumza naye tofauti. Hayo yako mchana kweupe. Waulize wazazi na wajomba.

Jingine linaniuma mimi mwenyewe. Zamani tulimwingiza msichana akishavunja ungo au akikaribia. Siku hizi likizo ya Desemba ikifika na pesa ya korosho ikiwa mkononi, watu wanaleta mtoto wa darasa la pili. Anaambiwa amekuwa mkubwa naye bado anang'oka meno.

Mkufunzi Mstaafu (Nachingwea)

Bi Somo ametoa mada bora kuliko ningeitoa mimi. Mwalimu, angalia jedwali la Erikson la hatua za maisha. Kujitambua ameweka hatua ya tano, kuanzia kama miaka 12. Mtoto wa darasa la pili yuko hatua ya nne, ile ya kujiona anaweza kazi au hawezi. Kwa hiyo ukiandika kwamba unyago ni hatua ya tano ya Erikson, umekosea hesabu kabla hujaanza. Swali lako liwe mtoto wa miaka 8 anafanya nini na cheo cha ukubwa alichopewa mapema, nyumbani na darasani.

Nesi Mzamiaji (Mtwara, Ligula)

Mawili ya haraka. Kwanza, mtihani hauishii kwenye ujana. Walituuliza uzee na darasa zima likatoa macho. Soma hatua ya saba ya Erikson, mtu wa makamo na kizazi kinachomfuata, huku kwetu utaiona kwa kila bibi anayelea wajukuu. Na kumbuka mke wake, Joan Erikson, aliongeza hatua ya tisa ya uzee mkubwa katika toleo la 1997. Ukiiandika, msahihishaji anaamka.

Pili, chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, Sheria ya Mtoto ya 2009. Ridhaa ya mzazi kwanza, kisha mtoto mwenyewe akubali. Barua ya chuo ipite kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke wilayani, mpaka kwa mtendaji. Anza mapema, ofisi zina foleni.

Mwalimu wa Awali (Newala)

Bi Somo shikamoo, Mungu akuweke. Nimepata pa kushika. Nimeandika hivi: "Athari za unyago kwa majukumu ya nyumbani ya wasichana wa miaka 7 hadi 10, wilaya ya Newala." Msimamizi atakubali?

Mkufunzi Mstaafu (Nachingwea)

Atakurudisha. Ukiwahoji wazazi wa waliochezwa peke yao, wote watakwambia mtoto amebadilika, na ni kweli, ameongezeka mwaka. Utajuaje kama ni unyago au ni umri? Tafuta na wasiochezwa wa umri uleule, mtaa uleule, kisha linganisha kazi wanazopewa. Umri usiuchukue kwa mdomo, omba kadi ya kliniki. Na wilaya nzima ni kubwa kwa mtu mmoja anayefundisha mpaka mchana, chukua kata moja. Kichwa kiwe "Majukumu ya nyumbani ya wasichana wa miaka 7 hadi 10 waliochezwa na wasiochezwa unyago", na jina la kata. Kabla hujakituma, nenda kwa mama yako mkubwa umsomee maswali yote, atakayokataa yafute.