Shemeji kaokoka, deni la kikoba anasema lilifutwa msalabani

MamaChangu_Bgy: Habari zenu wapendwa. Niko Bagamoyo, nauza samaki wa kukaanga sokoni. Shemeji yangu alikopa laki sita kwenye kikoba chetu, mdhamini mimi. Karejesha kidogo, kanyamaza. Sasa kaokoka. Nikigusia marejesho ananifungulia Waefeso 2: tumeokolewa kwa neema, wala si kwa matendo. "Hayo ya mtu wa kale, shemeji." Mwezi ujao tunavunja kikoba, hisa zangu zitakatwa. Nami ni Mkristo, sitaki nionekane napinga neema. Nimjibuje?

Kwaya_Besi: Yakobo 2:26. Imani pasipo matendo imekufa. Kwisha habari.

Mlutheri_Ngamiani: Besi, taratibu. Mstari mmoja haumalizi mwingine. Martin Luther mwenyewe, aliyeanzisha Ulutheri wetu, mwaka 1522 aliuita huo wa Yakobo "waraka wa majani makavu", yaani usio na uzito, maana alipigana na wanaodhani wokovu unanunuliwa. Lakini mwaka huohuo, kwenye utangulizi wake wa Warumi, aliandika kwamba imani ni kitu hai, haiwezi kukaa bila kutenda mema. Na mwaka 1999 kule Augsburg, Ujerumani, Walutheri na Wakatoliki walitia saini pamoja: tunakubaliwa kwa neema, matendo mema ni matunda yake.
Dada, mwambie asiishie mstari wa 9, wa 10 unasema tuliumbwa tutende matendo mema. Kisha msome Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19. Yesu alitaka kushinda kwake kabla hajarudisha hata senti, hiyo ndiyo neema. Zakayo akasimama mwenyewe: niliyemnyang'anya namrudishia mara nne. Wewe humdai shemeji alipe ili aokoke. Unadai hela ya kikoba, ambayo angedaiwa hata angebaki mlevi.

Jirani_Muislamu: Napita tu. Kwetu hata marehemu hulipiwa madeni kwanza ndipo mirathi igawanywe. Huyo yu hai!

Kwaya_Besi: 😂😂 Ila uwezo anao?

MamaChangu_Bgy: Anaendesha bodaboda. Juzi kachangia elfu hamsini ya spika za kanisani, katajwa jina, watu wakapiga makofi.

Mlutheri_Ngamiani: Basi hela ipo. Usibishane naye maandiko peke yako, nenda kwa mchungaji wake na daftari la kikoba. Mpangiane elfu tano kila jioni, aweke sahihi.

MamaChangu_Bgy: Mchungaji ni mteja wangu. Ijumaa akija nitamweleza.

Kwaya_Besi: Na samaki alipe palepale, asije naye akakufungulia Waefeso.